Railakan Wawili

Quelicai, 14 Februari 2011

Shemeji Etelvina,

Salamu nyingi. Huku tupo, tunasukuma siku. Mvua imenyesha mpaka tumeichoka, na barabara ya kwenda Baucau imekatika pale darajani, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini. Nimempa Sidónio wa lori la mchele. Akikwambia nimekonda usimsikilize, yule macho yake mabovu.

Nyati wetu mweusi, yule wa kulimia, amezaa. Mama Balbina jirani anakusalimu, anasema umemsahau tangu uwe mtu wa mjini huko Dili. Natalina hajambo? Na wanawe? Yule mdogo bado anang'ata wenzake? Usiniulize kwa nini sipigi simu. Ile mliyoniletea Krismasi, kila nikiongea nayo napiga kelele, kijiji kizima kinajua habari zangu. Kalamu angalau ina adabu.

Sasa jambo lenyewe. Miaka yote umenisema: Marcolino, nenda kajiandikishe, umekaa msituni ukipigana na wavamizi tangu vita vianze mpaka viishe, utakufa huna hata bati la maana juu ya kichwa. Nami nikawa nakujibu kwamba sikupigana ili nilipwe. Haya, umeshinda. Daktari amesema shamba la mpunga basi, kifua hakiwezi tena. Dawa haziishi, na mtu asiyeoa hana wa kumpikia uji. (Usicheke. Wazee walipotaka nikurithi, wewe ndiye uliyekataa.)

Nikavaa shati la kanisani nikaenda kwenye tume ya wapiganaji. Kijana akaniuliza jina langu la msituni. Nikamwambia Railakan. Akabonyeza kompyuta yake, akanitazama, akasema, "Mzee, Railakan alikufa mwaka themanini na moja. Mjane wake yuko Dili anapokea pensheni yake." Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Mjane ni shemeji yangu, marehemu ni kaka yangu Gildo. Alipokufa yeye, jina nikalichukua mimi." Akasema, "Mzee, jina la vita si koti." Yaani mimi, Railakan, Radi mwenyewe, nimekaa mbele yake nakohoa, ananiambia mambo ya makoti!

Nilikwenda na mashahidi wanne. Wote wanasema kitu kimoja: Railakan tulikuwa naye mpaka mwaka tisini na tisa. Ukiwauliza Marcolino ni nani, wanatazamana. Si kosa lao. Jina la nyumbani lilikuwa halitamkwi kule, mtu akikamatwa asije akataja ukoo wa mwenzake.

Naomba uende ofisini kwao huko Dili, useme tu kwamba Gildo alikuwa wa kwanza na mimi wa pili. Dakika tano.

Shemeji yako,
Marcolino


Dili, 20 Aprili 2011

Shemeji Marcolino,

Nimeipokea barua yako ikiwa imelowa, inanuka mchele. Pole na kifua. Nakutumia dawa ya kupaka na sabuni, na hiyo sabuni si ya kumpa Mama Balbina. Natalina hajambo, bado anafanya usafi kule hospitali, anarudi miguu imevimba. Mwanawe mkubwa, Delfim, amefaulu, ameanza chuo. Mdogo ameacha kung'ata, sasa anatema mate.

Dakika tano, ulisema. Nimekwenda mara sita. Leo mwenye faili hayupo, kesho umeme hakuna, kesho kutwa njoo na cheti cha ubatizo cha marehemu. Mwisho wa danadana zote hizo wamenisimamishia malipo. Ndiyo, mimi. Mashahidi wako wanne wamesema Railakan aliishi mpaka vita vikaisha, kwa hiyo mimi ni mjane wa mtu aliyekuwa hai. Yule dada wa dirishani akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, mumeo alifufuka?" Watu wakacheka. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Kamanda aliyenishuhudia mimi wakati najiandikisha amekwisha kufa. Karatasi zake hawazitaki, wanataka mtu mwenye mdomo.

Sikulaumu. Nakulaumu kidogo. Chakula cha nyumba hii ni mshahara wa Natalina, lakini chumba tunachokaa na chuo cha Delfim ni Gildo anayelipa, kutoka huko aliko. Ndiyo maana sikuwahi kuona haya kuipokea hiyo pensheni. Niliona kama bado anahudumia nyumba yake.

Wamesema njia ni moja. Ikipatikana mifupa ya Gildo, ikatambuliwa, basi Railakan walikuwa wawili, na kila mmoja atapewa haki yake: wewe pensheni yako ya mpiganaji, mimi yangu ya ujane. Isipopatikana ni mmoja, na kati yetu kuna mwongo. Waambie alipoangukia. Wewe ndiye uliyetuma habari za kifo chake.

Etelvina


Quelicai, 5 Juni 2011

Shemeji,

Sabuni imefika, na Mama Balbina amepata nusu. Utanisamehe. Huwezi kula mahindi ya mtu kila siku halafu ukamnyima sabuni.

Yaliyokupata yameniumiza kuliko kifua. Sikujua kwamba nikifungua mdomo mimi, sufuria yako itaepuliwa. Nimeamua kuondoa maombi. Nitakwenda kuwaambia kwamba mimi ni mkulima tu, Railakan alikuwa kaka yangu, amekufa, basi. Wakiniuliza miaka yote ile nilikuwa wapi, nitasema nilikuwa nachunga nyati. Nimeishi bila pensheni mpaka leo, siwezi kushindwa hicho kipande cha maisha kilichobaki.

Habari ya mahali unaijua. Ni juu Matebian, kwenye mapigano makubwa. Jiwe mlilolizika badala yake lilitoka huko, uliliona kwa macho yako, likafanyiwa mila zote, na mwaka ulipotimia ukavuliwa kitambaa cheusi. Mlima ni mkubwa na miaka imepita. Wale vijana wa tume watachimba mpaka wachoke. Mwache apumzike.

Mazao si haba. Mipopoo imezaa sana mwaka huu, nimekuwekea popoo na tambuu, Sidónio atakuletea asipozitafuna njiani.

Marcolino


Dili, 11 Julai 2011

Shemeji,

Ole wako uondoe hayo maombi. Nimeuliza. Ukiondoa, watasema tulikula njama tukaogopa, na watanidai na nilichokwisha kula tangu mwanzo. Kisha ati ulikuwa unachunga nyati! Wewe ambaye nyati wa baba yako walipotea wote wiki moja ukiwa na fimbo mkononi?

Tume inatuma watu kupanda Matebian mwezi wa Septemba. Mkuu wao anaitwa Anselmo. Wanataka uwaongoze. Nimewaambia utakwenda.

Ila kama kuna jambo unalotaka kuniambia kabla hawajapanda, niambie. Nitangoja barua yako mpaka mwisho wa Agosti.

Watoto wanakusalimu. Tambuu zilifika chache, popoo hakuna. Sidónio ana meno mekundu.

Etelvina


Quelicai, 30 Septemba 2011

Shemeji,

Barua yako ya Julai niliipata. Nisamehe sikujibu. Nilikaa na kalamu mara kadhaa, ikawa inakuja habari ya nyati tu.

Tumepanda. Walinipakia kwenye farasi, maana miguu inataka lakini pumzi haitaki. Anselmo ni mtoto mzuri, baba yake alikuwa kikosi kingine, ila ana mashine ya kupimia mahali na anaiamini kuliko mtu. Anaiuliza, inamjibu, halafu ananigeukia mimi: "Mzee, ni hapa?" Nikasema hapa. Wakachimba, mawe. Nikasema labda kule chini ya genge. Wakachimba, wakapata mifupa, wote wakavua kofia, kumbe ni ya mbuzi. Siku ya pili nikaonyesha tena mahali pengine. Mzee wa mila wa nyumba yetu, Mau Naha, alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Alitafuna tambuu yake akatema.

Jioni Anselmo akaja kuketi karibu yangu, akaniuliza taratibu, "Mzee, siku ile ulikuwepo kweli?" Nikamwambia nilikuwepo. Akasema, "Sasa mbona unaonyesha kama mtu anayebahatisha?" Nikakohoa. Kukohoa kuna faida zake. Lakini kikohozi hakikukoma tena, nikakohoa mpaka damu, ndipo wakaniteremsha.

Ripoti yao itasema hakuna kitu. Basi iseme. Nimechoka, shemeji, na si mwili tu. Nimechoka kuulizwa mimi ni nani na watu ambao walikuwa hawajazaliwa. Uza nyati mweusi na ndama wake, wote ni wako, Delfim amalize chuo. Mimi niachie jogoo.

Mwache Gildo alale alipolala.

Marcolino


Dili, 2 Novemba 2011
Siku ya Marehemu Wote

Shemeji Marcolino,

Sina salamu ndefu leo. Wote wazima. Nyati siuzi.

Acha kupanda mlima. Gildo hayuko Matebian. Wewe unajua hayuko, na mimi najua hayuko, tumezungushana vya kutosha. Nimewashia jiwe mishumaa miaka thelathini nikijua chini yake hakuna mtu. Leo nimeshindwa.

Yuko Laga, kwenye shamba la mahindi la baba yangu, upande wa juu, kando ya zizi la nyati. Katekista Januário ndiye aliyemzika, Mungu amrehemu, akaniambia mimi peke yangu.

Unajua kilichomteremsha. Natalina alikuwa na homa isiyoshuka, macho yamegeuka, nikaona mtoto anakwenda. Nikamtuma katekista na neno: njoo umwone mwanao. Akaja. Wavamizi walikuwa wamejificha kwenye kijito cha njiani wanamngoja yeyote atakayepita.

Hili hulijui. Kesho yake waliilaza maiti yake uwanjani mbele ya kanisa, wakatupanga wanawake wote tupite mmoja mmoja. Atakayelia ndiye mke wake. Nilikuwa nimembeba Natalina kifuani, nimemfunika uso kwa kitambaa, asije akamwona akaita. Askari akaniuliza, "Unamjua huyu?" Alikuwa amevaa shati nililomshonea mimi. Nikasema, "Simjui." Akauliza tena. Nikasema simjui, si mtu wa hapa. Nikapita. Nikaenda nyumbani nikapika mahindi na maharage kama kawaida, maana walikuwa wanapita kutazama nani hapiki.

Natalina akapona. Hajui mpaka leo ni nini kilichomgharimu baba yake uhai.

Wiki chache baadaye ukatuma habari kwamba kaka yako amekufa kishujaa vitani, juu mlimani. Nikadhani wamekudanganya na wewe. Nikasema moyoni, mwache, ni kaka yake, aamini hivyo. Lakini mwaka huu, nilipoona uko tayari kufa huna kitu kuliko kuonyesha mahali, nikaelewa. Mtu asiyejua angesema tu sijui. Ulikuwa unanificha nisijue kwamba nilimwita mwenyewe.

Nimelijua tangu siku ile. Silali vizuri, Marcolino. Na wazee walipotaka unirithi sikukataa kwa ajili ya sura yako, ingawa sura nayo ilichangia. Nilikataa kwa sababu nisingeweza kulala karibu na mtu ambaye siwezi kumwambia.

Nitakwenda kwenye tume kuwaambia. Kwanza nataka neno lako.

Etelvina


Baucau, hospitali, 19 Novemba 2011

Shemeji,

Wamenilaza hapa, usihangaike, kuna kitanda na uji una sukari. Barua yako Mau Naha aliniletea mwenyewe. Niliisoma, nikaikunja, nikageukia ukutani. Muuguzi akaniuliza kama maumivu yamezidi. Nikasema ndiyo.

Nilikuwa naye. Aliniambia nimsubiri nyuma ya mwamba, ataona mtoto, atarudi. Alikuwa na asali kwenye kibuyu kwa ajili ya Natalina. Nikasikia risasi. Kamanda alikuwa ameamuru asiyerudi asifuatwe, nami nikasubiri mpaka haikuwezekana tena kusubiri. Nikaapa hutajua kwamba aliitikia wito wako. Nimekidanganya kijiji, nimemdanganya padri, nimempandisha Anselmo mlimani akachimbe mbuzi. Na wewe siku zote hizo ulikuwa umeshamwona! Ee Mungu, ulimwona, ukaenda kupika.

Sikia na hili, maana nawe hulijui. Habari zilipotufikia kwamba maiti imelazwa uwanjani na hakuna aliyeitambua, kamanda akaniita. Akasema, "Hawajui wamemuua nani. Kuanzia leo wewe ndiye Railakan." Ndivyo ilivyokuwa. Wakanitafuta miaka yote ile, nami nikajiona mjanja kweli kweli. Kumbe jina nimepewa na wewe, pale ulipomkana. Usijilaumu tena mbele yangu. Ukijilaumu nitaamka kitandani hapa nije kugombana.

Nenda kawaambie. Nimesaini karatasi ya Anselmo. Mau Naha atakwenda Laga badala yangu. Mimi siwezi kutoka, daktari kakataa, na safari hii sibishani naye. Mwambie Natalina kabla hawajachimba, asije akayasikia kwa watu wa tume.

Marcolino


Laga, 12 Desemba 2011

Shemeji Marcolino,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa baba, mikono ina udongo, kwa hiyo karatasi itakuwa hivi. Kula uji wote. Mau Naha atapita kukuona kesho, anakuletea samaki.

Natalina nilimwambia njiani. Alipoona wanaume wamesimama na majembe, akamnyang'anya mmoja lake, akaanza kuchimba yeye, na kiatu chake kile cha kazini. Nikamwambia mwanangu, utaumia. Akasema, "Niache." Nikamwacha.

Mau Naha alimwaga mvinyo wa mnazi, akaweka tambuu, akamwita kwa jina la nyumbani, Hermenegildo, si lile la vita. Akamwambia tumekuja kukuchukua, tusamehe tumekawia. Haikuchukua muda, hayupo chini sana. Januário alikuwa amemlaza vizuri, ubavuni, uso umeelekea nyumbani. Mkanda upo. Vifungo vya shati vipo, vile vyeupe vinne na kimoja cha kahawia, maana cheupe cha tano nilikikosa. Nilivitambua kabla havijapanguswa. Natalina akaketi ukingoni akalia kwa sauti, akimwita baba, baba, na mimi nikamwacha aite.

Tukamwosha, tukamfunga kwenye nguo niliyofuma mwenyewe, tukamweka kwenye lile sanduku dogo la tume. Anselmo akatoa kalamu nene, akaandika juu yake: Asiyejulikana.

Nikamwuliza nini hicho. Akasema, "Mama, ni utaratibu tu. Mifupa yote tunaiandika hivi mpaka tume ikae ithibitishe. Labda Machi, labda Juni. Ikithibitishwa, wewe na mzee Marcolino faili zenu zitaendelea." Alisema kwa upole, si mtoto mbaya. Mashahidi wawili bado wanatakiwa, na picha, na fomu nyingine imetoka mpya. Mimi na wewe huenda tukaipata hiyo pensheni tukiwa hatuna meno. Sikuwa na nguvu ya kumgombeza.

Lakini walikuwepo watu wengi, shemeji. Wanawake waliopita ile foleni pamoja nami, waliobaki hai, wote walikuja. Walisimama pale kwenye mahindi, vitambaa kichwani, wananitazama. Wote walijua siku ile, na hakuna aliyesema, si siku ile wala baadaye.

Nikamwambia Anselmo, "Futa."

Akasema hana ruhusa.

Nikaweka mkono juu ya sanduku, nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Namjua. Ni mume wangu."

Akasema, "Mama, nimekusikia."

Nikasema tena.

Etelvina